Saa ya Kifuani mwa Kuresha

Kwanza niwaambie jambo ambalo wenzangu wa kazini walilijua na kulicheka miaka yote: mimi ni mwoga. Naogopa mamba, ingawa nimezaliwa kijijini Idsowe na mto Tana uko hatua chache kutoka jikoni kwa mama. Naogopa umeme. Naogopa wagonjwa wanaotabasamu sana. Muda wote niliofanya kazi ya picha, eksirei kwanza na altrasaundi baadaye, kila nilipotia sahihi ripoti tumbo lilinikata. Watu wakinitania nilijikinga na methali: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mmenitaka niwape neno kabla hamjaanza kazi, basi nitawapa habari ya siku woga wangu ulipoelekea mahali pasipofaa, na kilio kikabaki kidogo tu kije kwetu.

Ninyi mna mashine zenye rangi. Damu inayokuja ni nyekundu, inayokwenda ni buluu, na ukikwama unaipiga skrini picha kwa simu unamtumia mwenzako aliye Malindi kabla chai yako haijapoa. Hospitali yetu ndogo, kule karibu na Garsen, ilikuwa na mashine moja kuukuu, nyeusi na nyeupe, iliyokuja kwa msaada ikiwa tayari imechoka. Wengi niliowapima kwayo walikuwa waja wazito. Lakini ilikuwa na kifaa cha kupima kasi ya damu, dopla, na kwa ajili hiyo tukaambiwa tutapima na mioyo.

Aliyenifundisha moyo ni Dokta Nafula, daktari wa moyo kutoka Nairobi aliyekaa nasi majuma matatu. Mwanamke mfupi, mkali, mpenda ndizi zetu za kuchemsha. Ukimwonyesha picha, hata iwe safi namna gani, hakuuliza umeona nini. Aliuliza, "Umeitazama kutoka wapi?"

Mtalisikia swali hilo tena, kwa hiyo nilieleze. Mawimbi ya altrasaundi hayapiti mfupa wala hewa. Moyo umezungukwa na mbavu na mapafu, basi nafasi za kuuchungulia ni chache: kando ya mfupa wa kifua, chini ya ziwa la kushoto pale moyo unapogonga, chini ya mbavu juu ya tumbo, na juu kule shingoni. Nafasi hizo tunaziita madirisha. Sasa, mgonjwa akiwa na vali bandia, yaani mlango wa moyo uliotengenezwa kiwandani na kushonewa mahali pa ule ulioharibika, mambo yanakuwa magumu zaidi, kwa sababu chuma kina kivuli. Mawimbi yakikigonga hayapiti. Nyuma yake utaona giza tupu, na kando yake utaona mistari inayomemeta ambayo mwilini haipo. Asiyejua akiona giza husema ni bonge la damu. Akiona mistari inachezacheza, husema mlango unafunguka vizuri. Wote wawili wamedanganywa.

"Zunguka, Komora," Dokta Nafula aliniambia siku ya mwisho, begi lake likiwa tayari mlangoni. "Chuma hakidanganyi pande zote kwa wakati mmoja."

Nikaitikia. Hata nikaandika kwenye daftari.

Mvua za Elnino zilipokuja, Tana ilitoka kingoni. Barabara ya Malindi ikakatika, ya Hola ikakatika, simu zikafa, tukabaki kisiwani. Unga ulikuja kwa ndege na mafuta ya jenereta yalikuja kwa mtumbwi. Jeli ya altrasaundi ikaisha. Mke wangu akanipikia uji wa muhogo, bila chumvi wala sukari, nami nikautia kwenye chupa ya jeli. Unafanya kazi, nawaambieni, ila una masharti yake. Uchemshe mpaka uteleze, uuchuje mabonge, uupoze kabisa, usiuweke zaidi ya siku moja. Ukimaliza uifute probu, kile kichwa cha mashine tunachokipitisha mwilini, kwa kitambaa cha maji na kisha kikavu, la sivyo sisimizi watafuata waya mpaka ndani. Hilo nililijua siku nilipoona vitu vidogo vinatembea nyuma ya kioo cha skrini. Kwa dakika nzima nilidhani nimegundua ugonjwa mpya tumboni mwa mama wa watu.

Kuresha aliletwa kwetu wakati huo wa maji. Alikuwa mwanamke wa Kiorma wa miaka kama thelathini, mke wa mfugaji mmoja jina lake Galgalo. Utotoni aliugua homa ya baridi yabisi, ikamharibu mlango mmoja wa moyo, na miaka sita nyuma alipelekwa Nairobi akatiwa vali ya chuma yenye vibao viwili vinavyofunguka na kufungika. Vali hiyo ina sauti. Kila moyo ukipiga inasema tik, na mtu akikaa karibu naye anaisikia. Kwao walimwita Mwenye Saa. Mtu mwenye vali ya namna hiyo lazima ameze kila siku, maisha yake yote, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu damu haipendi chuma. Akiacha, damu huweza kuganda pale pale kwenye vibao na kuvikwamisha, na mlango wa moyo ukikwama mtu hana siku nyingi.

Alikuja kwa mtumbwi na wifi yake, Dhahabo, dada yake Galgalo. Pumzi ilikuwa inamkatika. Alisema hawezi kutoka nyumbani mpaka zizini bila kusimama, naye alidhani ni baridi ya maji aliyotembea ndani yake. Mganga mkuu wa hospitali yetu alimsikiliza mapafu, akaandika kwenye karatasi neno moja na alama ya kuuliza, "Vali?", akamleta kwangu.

Nilimlaza kitandani. Nikamwambia afungue kifua. Kuresha akaangalia ukuta. Sikumlaumu, alikuwa mke wa mtu, mwenye heshima zake, na mimi mwanamume nisiye ndugu yake, tena Mpokomo, mtu wa kabila la wakulima. Dhahabo akasema, "Dakitari, tumbo sawa. Juu hapana."

Sasa sikilizeni woga ulivyofanya kazi. Niliona afueni. Nami pia nilikuwa naona haya, na niliogopa maneno, kwa sababu baina ya wakulima na wafugaji wakati ule neno dogo lilitosha kuwa kubwa. Nikasema sawa, nitatazama kutoka chini ya mbavu tu. Shingoni alikuwa amevaa kimfuko cha ngozi kilichoshonwa pande zote, kikawa kinateremka kila mara kwenye uji wangu wa muhogo. Nikaona ni hirizi. Sikutaka kugusa kitu cha imani ya mtu, nikamwomba Dhahabo akisogeze begani, naye akakisogeza.

Moyo niliuona unapiga. Chuma nilikiona kinang'aa, na mistari inachezacheza. Dopla ikanipa kasi ndogo ya damu, kasi ya mtu mzima asiye na shida. Nikaandika: "Vali bandia inafanya kazi vizuri." Nikatia sahihi. Siku ile tumbo halikunikata, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Kuresha akapewa dawa za kifua, akapelekwa kwenye shule iliyokuwa imejaa watu waliokimbia maji. Siku ya tatu, asubuhi, nilikuwa nachuja uji mlangoni nikamwona Dhahabo amesimama peke yake. Mtandio wake ulikuwa umevimba upande mmoja na umelala upande wa pili.

"Dakitari," akasema, "saa ya Kuresha hapana lia."

"Hailii vipi?"

"Mimi nasukwa nywele na yeye kila Alhamisi. Mimi nakaa chini, yeye nyuma, kichwa changu hapa." Akapiga kifua chake kwa kiganja. "Miaka sita mimi nasikia tik, tik, mpaka nasinzia. Jana nakaa, nasikia kidogo sana, kama imefungwa kwa nguo. Halafu hapana kabisa. Halafu kidogo tena. Nikasema wacha kusuka. Nusu imebaki hivi hivi."

Chungio lilinianguka mkononi. Sijui kama mmewahi kuogopa mpaka masikio yakazibika. Midomo yake niliiona inaendelea kusema na mimi sisikii kitu. Halafu nikauliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza.

"Dawa yake ya damu anameza kila siku?"

Dhahabo akatazama chini. "Maji yalipotuzunguka, dawa ilibaki kidogo. Akaanza kumeza leo, kesho anaruka. Baadaye anaruka siku mbili."

"Mbona hamkusema?"

"Hamkuuliza."

Kweli hatukuuliza kama anaimeza kila siku, si mganga mkuu wala mimi. Tulimwuliza kama anatumia dawa, akasema anatumia, tukaandika.

Walimleta kwa mkokoteni. Siku tatu zilikuwa zimemla. Hakuweza tena kulala chali, alikaa ameinama mbele, midomo imekuwa ya rangi ya zambarau, na nilipokaribia sikusikia tik yoyote. Nikakimbia kwenye redio ya mawasiliano, ile ya kusema "ova" kila ukimaliza zamu yako. Baada ya kelele nyingi nikampata Dokta Nafula, nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Mnajua aliniuliza nini.

"Siku ile uliitazama kutoka wapi? Ova."

"Chini ya mbavu. Ova."

"Na wapi pengine? Ova."

"Hapo tu. Ova."

Kisha akasema, "Komora," basi, jina tu, na mimi nikatamani maji ya Tana yapande yanifunike pale pale.

Akanikumbusha aliyokwisha kunifundisha. Dopla ni lazima iangalie mkondo wa damu usoni. Ikiukata kwa ubavu, inasoma kasi ndogo kuliko ile iliyopo, na chini ya mbavu mkondo wa vali ile hukatwa kwa ubavu. Ile kasi nzuri niliyoiandika ilikuwa uongo wa pembe. Akataka nitazame kutoka chini ya ziwa, pale moyo unapogonga, nimtafutie vibao vyote viwili, na nimtafutie kadi. Kila aliyetiwa vali hupewa kadi yenye namba ya vali na kasi iliyopimwa siku anatoka hospitali. Bila kadi, namba yoyote nitakayosoma sitajua ni kubwa au ndogo kwa vali ile.

"Ndege ya unga inatua kwenu kabla ya alasiri na hairudi tena juma hili," akasema. "Nitaomba kitanda na chumba cha upasuaji huku Nairobi. Lakini nataka jibu moja, Komora. Ova."

Hebu jiwekeni mahali pangu. Ikiwa vibao vimekwama naye akabaki, angekufa pale shuleni kati ya magunia na watoto wa watu. Ikiwa havikukwama, na mimi nimedanganywa na kivuli, angerushwa kwa ndege pumzi hana, akifika apasuliwe kifua mara ya pili, au apewe ile dawa kali ya kuyeyusha mabonge, ambayo humwaga damu ubongoni kwa watu wengine. Huku kuna kifo na huku kuna kifo, na katikati nipo mimi na chupa ya uji wa muhogo.

Galgalo alikuwa amefika kutoka kwa ng'ombe wake, amelowa mpaka kiunoni. Nikamwuliza habari ya kadi. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jua liko wapi. "Si hiyo," akasema, akinyoosha kidole kwenye kimfuko cha ngozi shingoni mwa mkewe. "Nairobi walisema, karatasi hii ni maisha yako, usiachane nayo. Nikampelekea mshona ngozi."

Ile hirizi niliyoisogeza kwa adabu zangu zote ilikuwa ndiyo kadi. Nawaambieni, vijana, sijapata kuiona adabu ikinicheka vile.

Galgalo akakata nyuzi kwa kisu chake. Karatasi ilikuwa nzima, kavu, imekunjwa mara nne. Namba ya vali ilikuwepo, na kasi ya siku ile ilikuwepo. Ikabaki kupima. Na hapo tukarudi palepale: kifua, mwanamke, mimi, ukuta. Kuresha akatikisa kichwa, hata katika hali ile. Nikaanza kueleza mambo ya mawimbi na pembe, natokwa na jasho, mpaka Dhahabo akanikata.

"Kwani mkono lazima uwe wako?"

Ukweli ni kwamba miaka yote sikuwahi kumwachia mtu yeyote ashike probu yangu. Wauguzi wanawake tulikuwa nao, tena hodari, na siku ile ya kwanza ningeweza kumwita mmoja. Sikuwaza kabisa. Niliamini mkono wangu una kitu ambacho wa mwingine hauna. Kumbe haya ilikuwa nusu ya kosa langu, na nusu nyingine ilikuwa kiburi.

Tukafunga leso mbili kwenye stendi za dripu, zikawa pazia. Upande mmoja Kuresha na Dhahabo, upande wa pili mimi na mashine, na waya ukapita chini ya nguo.

"Mwegemeze ubavu wa kushoto, mito iwe mingi mgongoni," nikasema. "Weka vidole chini ya ziwa. Pale panapogonga, hapo ndipo penyewe. Sasa paka uji, weka probu, ielekeze kwenye bega lake la kulia."

"Hivi?"

"Siwezi kukuona, Dhahabo. Ielekeze tu."

"Wewe Mpokomo, mnaoga na mamba mtoni, halafu mnaogopa mwanamke?"

"Mamba namwogopa pia."

Nyuma ya pazia Kuresha akacheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu, na sote tukangoja amalize.

Skrini ilikuwa ukungu mtupu. Hapa kuna jambo la kuweka akilini: penye chuma, punguzeni mwangaza wa mashine, msiuongeze. Kila anayeanza huuongeza, akidhani ataona zaidi, na mistari ya uongo inajaa skrini nzima. Niliupunguza mpaka picha ikakaribia kuwa nyeusi. "Teremka kidogo. Kidogo sana. Ilaze upande wa kwapa. Simama hapo, usipumue." Sijui kwa nini nilimwambia yeye asipumue, lakini alinitii.

Pete ya vali ikajitokeza, na ndani yake vibao. Kimoja kilikuwa kinafunguka na kufungika, wazi kabisa. Nikatafuta cha pili. Kilikuwa kimelala nusu, kinatetemeka tu mahali pake, na juu yake kulikuwa na kitu cha kijivu, laini, kinachoyumba kila damu ikipita. Nikawasha dopla. Sauti ikatoka nyembamba na kali, damu inajipenyeza mahali padogo. Nikasoma kasi, nikasoma kadi. Ilikuwa karibu mara mbili.

Sikuishia hapo. "Sasa kando ya mfupa wa kifua, Dhahabo." Tukazunguka. Kutoka hapo kivuli kilikaa upande mwingine, giza lilihama, mistari ilihama, ila kile kitu cha kijivu hakikuhama. Kilikuwa palepale juu ya kibao. Pande mbili, jibu moja.

Nikatoka nje nikamwambia Galgalo mlango umekwama, lazima mkewe apande ndege. Akatoa mfukoni karatasi iliyolowa, akaikunjua polepole. Ilikuwa ripoti yangu.

"Juzi hapa uliandika nzuri," akasema. "Dada alinitumia, mtu akanisomea. Leo unasema mbaya. Mtu mmoja, maneno mawili. Mimi namtuma mama wa watoto juu mbinguni na neno gani?"

Jibu rahisi nilikuwa nalo tayari mdomoni. Ningesema bonge limeingia katika siku hizi tatu. Nani angejua? Mganga mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, na yeye angelipokea kwa furaha. Huenda hata lilikuwa na ukweli kidogo. Niliogopa kazi yangu kwenda, na niliogopa kile kisu alichokatia ngozi, ambacho bado kilikuwa mkononi mwake. Lakini zaidi niliogopa kwamba nikisema uongo na yeye akaunusa, asingemruhusu mkewe apande, na ndege ingeondoka bila yeye.

"Juzi sikutazama vizuri," nikasema. "Niliona haya, nikatazama upande mmoja tu. Nikaandika nisichokijua. Nilikosea."

Galgalo akaikunja ile ripoti tena. Kutoka ndani tulisikia Kuresha akivuta pumzi.

"Ng'ombe akipotea," akasema mwishowe, "mchungaji akisema mimi nililala pale, mimi naanza kutafuta pale. Akisema hapana, sikulala, mimi natafuta dunia nzima." Akarudisha kisu alani. "Twende."

Ndege ilitua imebeba unga. Kuresha akapakiwa mahali pa magunia, akiwa amekaa, amefungwa mito kila upande, na mumewe akapanda naye ingawa hakuwahi kupanda chochote kisicho na miguu minne. Redioni Dokta Nafula akaniuliza mara ya mwisho, "Una uhakika? Ova." Nikasema, "Nina uhakika. Ova."

Jioni tukapata neno kwamba amefika na anaingizwa kwenye chumba cha upasuaji. Baada ya hapo upepo ukaangusha mlingoti wa redio, na hatukusikia tena kitu.

Majuma yale simtakii hata adui yangu ayapate. Dhahabo alibaki kwetu shuleni na watoto wa kaka yake. Muuguzi mmoja alitaka kummalizia nywele, akakataa. "Aliyeanza atamaliza," akasema. Kila Alhamisi alipita mlangoni kwangu, mtandio umevimba upande mmoja. "Bado?" alisema. "Bado," nilijibu. Nikaanza kuziogopa Alhamisi tangu Jumanne. Usiku niliisikia ile sauti nyembamba ya dopla, na kila nilipotia sahihi ripoti nilijiuliza pengine pale Nairobi wamefungua kifua wakakuta vibao vyote vinacheza vizuri, na kile kitu cha kijivu kilikuwa mimi tu na woga wangu.

Maji yakaanza kushuka. Barabara ya Malindi ikafunguliwa kwa magari makubwa. Alhamisi moja nikangoja mlangoni tangu asubuhi, na Dhahabo hakuja. Adhuhuri hakuja, na alasiri hakuja. Nilipotuma mtu shuleni akaambiwa wamekuja watu na gari, wamemchukua yeye na watoto, wameondoka kwa haraka. Sikuuliza zaidi. Mtu huchukuliwa kwa haraka kwenda mazishini. Niliketi kwenye kiti cha wagonjwa na giza likanikuta pale.

Jumamosi nilikuwa nampima mama mjamzito nikasikia mtu anakohoa mlangoni makusudi. Nikageuka. Alikuwa Dhahabo. Mtandio wake ulikuwa umelala sawa pande zote mbili.

Nikaonyesha kichwa chake kwa probu, uji unanidondoka mkononi.

"Amemaliza," akasema. "Juzi gari lilimshusha nyumbani, likaja kutuchukua sisi. Mikono yake haina nguvu, lakini akasema kaa chini, wewe ni aibu. Wamemtia saa mpya. Walimwambia ile ya zamani ilikuwa imefungwa na damu upande mmoja, kama Mpokomo alivyosema." Akaweka kibuyu cha maziwa sakafuni. "Lakini hii mpya, dakitari, kelele yake nyingi sana. Mimi sasa nikisukwa hapana sinzia."

Nikacheka mpaka yule mjamzito akacheka. Halafu nikaomba radhi, nikatoka nje, nikaenda nyuma ya jenereta ambako mtu hasikiki, nikalia kwa sauti.